Mistari Miwili Aliyoikata Milcah

Kama kuna kitu kilichomchosha Milcah kazini, ni mapenzi. Si mapenzi yake mwenyewe, maana hayo aliyaacha Nakuru na hayakuwa yakimsumbua mtu. Ni mapenzi ya vijana wa Kipakistani. Kila asubuhi, katika ofisi ya ghorofa ya nne pale Al Sadd, Doha, aliwasha kompyuta akakuta vijana hamsini wanamfia mtu. Huyu ameachwa, yule anangoja, na yule mwingine alikuwa mzima kabisa mpaka mvua ikanyesha. Kampuni moja ya majani ya chai ilikuwa na ukurasa wa mashairi ya Kiurdu mtandaoni, na vijana wa Doha, Lahore na Karachi walituma video zao humo. Milcah alizikata, akasafisha sauti, akatia muziki, akazibandika.

Bosi wake alikuwa Augustine, Mkenya mwenzake, mtu wa Kitale aliyekaa Doha miaka tisa na kuamini kwamba hakuna kitu duniani kisichoingia kwenye orodha. Aliwatengenezea washairi orodha yao. Shairi la mapenzi liliwekewa waridi. La kuachwa lilipata dirisha lenye mvua, na la upweke kikombe cha chai, na hapo mteja alifurahi sana. Nchi ilikuwa na mashamba yake ya ngano. Shairi la mama lilipewa mikono ya kikongwe yenye mikunjo, mikono ileile kila mara, ya bibi ambaye hakuna aliyejua ni wa wapi. Yalikuwepo pia mashairi ya hasira, na hayakuwa machache: ya vijana wenye digrii wasio na kazi, ya wasichana waliochoka kuambiwa wapunguze sauti. Hayo hayakuwa na picha.

"Hasira haiuzi chai," Augustine alisema, na hasira ikaenda zinakoenda taka.

Milcah hakujua Kiurdu. Tuseme alijua kiasi cha kumtia kiburi. Dunia, wakati, safari, habari, hayo aliyakuta humo akayatambua kama jamaa za Kiswahili chake. Miaka miwili ya kukaa na Wapakistani ilimwezesha pia kusalimia, kuuliza mtu jina na kuagiza biriani. Kwingine kote alitegemea sikio. Wasikilizaji wakiitikia "wah, wah", mstari ni mtamu, uache. Wakinyamaza, mstari umeanguka, ukate. Kwa kanuni hiyo alifanya kazi miaka miwili bila lawama, na mtu asiyelaumiwa miaka miwili huanza kudhani anajua.

Ijumaa moja, baada ya ibada ya kanisa kule Mesaimeer, maana Doha hata makanisa husali Ijumaa, alibeba kamera yake akaenda kwenye mkahawa wa Al Sadd ambako washairi vijana walikusanyika alasiri. Wa sita kusoma alikuwa msichana wa miaka ishirini na moja aitwaye Areesha, mwanafunzi aliyezaliwa papa hapa Doha, anayeishi Al Wakrah na wazazi wake. Alisimama bila karatasi. Hakutabasamu. Kila mstari aliusema mara mbili, kama desturi yao ilivyo, na kila mara ukumbi uliitikia. Wazee waliokaa safu ya mbele walipigapiga magoti yao kwa raha.

Kisha akasema mistari miwili ya mwisho, na ukumbi ukanyamaza. Hakuna aliyesema wah. Mzee mmoja aliinamia kikombe chake, mwingine akatoa simu mfukoni. Areesha akarudi kukaa.

Jumapili Milcah aliketi na video ile. Ilikuwa na dakika moja na sekunde arobaini, na mteja alitaka dakika moja tu. Akaondoa marudio. Akaikata ile mistari miwili iliyoanguka. Akasikia neno "maa" mara nne, akajua ni shairi la mama, akaweka mikono ya kikongwe na filimbi ya huzuni. Kazi ya nusu saa. Akaenda kula.

Katika wiki moja video ile ilitazamwa mara milioni mbili. Watu walilia huko Multan, wakalia Birmingham. Na kwa kuwa haikuwa na jina popote, kijana mmoja wa Lahore aitwaye Daniyal, mwenye wafuasi laki saba na nywele zinazoangukia jicho moja, alilisoma shairi lile mwenyewe akiwa amevaa shali nyeupe, akaandika chini yake: "Kwa mama yangu." Kufikia Alhamisi lilikuwa la Daniyal. Ukimwuliza mtu yeyote, angekuambia la Daniyal.

Areesha alikuja ofisini Jumapili iliyofuata. Alipanda ngazi ghorofa nne ingawa lifti ilikuwa nzima, labda kwa sababu hasira yake ilihitaji miguu. Alisimama mbele ya meza ya Milcah, wakazungumza kwa Kiingereza, kama watu wote wa Doha wasiokuwa na lugha moja.

"Wewe ndiye uliyekata?"

"Mimi ndiye," Milcah alisema. "Ilikuwa ndefu."

"Ulikata mwisho. Kwa nini mwisho?"

"Watu walinyamaza. Nikadhani mstari haukuwapendeza."

Areesha akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa. "Haukuwapendeza kweli," alisema. "Ndiyo maana niliuandika."

Akamweleza. Hakupaza sauti. "Unajua vijana wetu wanaandika nini mtandaoni. Wewe unajua kuliko mimi, unawaona kila siku. Mpenzi, kuachwa, nchi, mama. Mama ndiye rahisi kuliko wote. Mpenzi anaweza kukukataa na nchi inaweza kukufunga. Mama hajibu. Wamesifu mikono yake, chapati zake, dua zake, pepo iliyo chini ya nyayo zake. Tafuta hata mmoja aliyetaja jina lake. Humpati. Wanaume wa kwetu, wengi wao, hawataji majina ya mama zao mbele ya wanaume wengine. Wanasema ni heshima. Baba yangu amemwita mama yangu 'mama wa Areesha' tangu nizaliwe. Kabla yangu sijui alimwita nani."

Kisha akaisema ile mistari miwili kwa Kiurdu, akaifasiri:

*Washairi, mmesifu kila kilicho chake, jina lake tu mkalifunika;*
*wangu ni Rukhsana, na nimelitwaa jina hilo, ndilo nitakaloandikia.*

Milcah alihisi masikio yanapata moto. Kwao washairi wa Kiurdu huweka jina lao la utunzi katika mistari ya mwisho, na msichana huyu, badala ya kujibuni jina la kupendeza, alikuwa amevaa la mama yake. Nani asingejua? Milcah mwenyewe alisoma mashairi kidato cha tatu. Mwalimu wa Kiswahili aliwachapia meza akisema ubeti wa tamati ndimo mtunzi anamojitaja, mkiuruka mmemwibia mtu. Alipata alama A. Na A yake ndiyo hii.

"Nitairudisha," Milcah alisema. "Nitabandika video nzima."

"Sijamaliza," Areesha alisema. "Ammi, mama yangu, alinitumia video ya Daniyal. Akaandika, tazama mtoto wa watu anavyompenda mama yake, wewe utaandika lini kitu kama hiki? Nikamwambia ni langu, Ammi, ni lako, jina lako limo. Akatafuta ile mliyoibandika ninyi, akaisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, Rukhsana hayumo humu, mwanangu. Usimnyang'anye mtoto wa watu shairi lake. Mama yangu anadhani mimi ni mwizi. Niliandika ile mistari chini ya video ya Daniyal, akanifungia ukurasa wake. Sikujirekodi siku ile. Aliye nayo nzima ni wewe."

Alipoondoka, Milcah alikwenda moja kwa moja kwa Augustine. Alimkuta akila samosa juu ya kompyuta.

"Ile video ya mama tuliiharibu," Milcah alisema. "Nataka kuiweka nzima, na jina la mwenyewe."

"Ile ya milioni mbili?" Augustine alifuta vidole. "Milcah, hiyo kitu haijaharibika. Hiyo ndio imetujenga mwaka huu."

"Daniyal ameiiba."

"Daniyal anakuja Ijumaa kwenye tamasha la mteja. Amelipiwa tiketi na hoteli, ndiye mgeni wa heshima. Sasa tukisema ni mwizi, si tumejifunga wenyewe?" Akaegemea kiti. "Halafu nikuambie, wale wazee walinipigia simu. Hiyo mistari ya mwisho iliwachoma. Eti msichana anataja jina la mamake mbele ya wanaume. Nikawaambia wasijali, Milcah amekata. Walishukuru sana. Ulifanya kazi safi."

Hapo ndipo hasira ya Milcah ilipopata miguu. Angetukanwa angevumilia. Angeambiwa ni mjinga angekubali, maana alikuwa mjinga. Lakini kusifiwa kwa lile alilolifanya kwa kutojua, kupigwa bega na watu waliotaka hasa lifanyike, huko hakukuvumilika.

"Na huyo dem?" aliuliza. "Mamake anamwita mwizi."

"Hayo ni mambo ya familia yao. Punda afe, mzigo ufike."

Wahenga hawana kosa, waliosema hivyo hawakumjua Augustine. Lakini mtu ukiona anawakimbilia wahenga upesi namna hiyo, jua punda si yeye.

Jioni ile Milcah alirudi nyumbani kwa miguu na joto lote lile, akigombana na watu wasiokuwepo. Alimgombeza Daniyal na nywele zake. Aliwagombeza wazee. Akawa tayari kuwagombeza Wapakistani wote, ndipo alipomkumbuka jirani yao wa Nakuru, Mama Shaun, na maneno yakamkauka.

Mama Shaun aliuza mboga karibu na lango lao miaka ishirini. Alimfunga Milcah nepi, alimficha alipopigwa, alimpa nauli ya kwenda kufanya mtihani. Alipofariki, kanisa lilijaa. Mchungaji akasoma kwamba wamekusanyika kumzika dada Eunice Wangari, na watu wakageukiana. Wawili walisimama kabisa, wakidhani wameingia matanga ya mtu mwingine. Milcah alikuwa mmoja wao. Watu walilicheka jambo lile baadaye, na yeye akalicheka pamoja nao.

Na mama yake mwenyewe? Mama yake aliitwa Jerusha. Soko zima lilimwita Mama Milcah, kanisa lilimwita Mama Milcah, na alipojiunga na chama aliandikwa Mama Milcah kwenye daftari. Mwanamke alikuwa na jina lake zuri, akaja mtoto akamfunika kwa la kwake. Milcah aliona heshima. Kila mtu aliona heshima. Ni ajabu jinsi heshima inavyomwacha mtu bila kitu.

Hasira hasara, husemwa. Milcah aligundua kwamba wanaokuambia hivyo mara nyingi ndio waliokukasirisha. Alichukua simu akampigia Areesha.

"Mlete mama yako Ijumaa," alimwambia. "Mwambie Daniyal atakuwepo."

"Atakuja mbio," Areesha alisema kwa uchungu. "Ameshaniuliza atavaa nini."

Ukumbi wa hoteli ulijaa kufikia saa tisa alasiri. Wazee walikaa mbele na vizibao vyao vyeusi, wanawake kulia, vijana wakasimama kando ya kuta na simu zao mkononi. Milcah alikuwa nyuma kabisa, mezani, na mitambo ya sauti na kompyuta ya skrini kubwa. Pembeni yake alikaa Herbert, fundi wa taa, Mganda mpole asiyeuliza mambo. Katika safu ya nne Milcah aliona mgongo wa Areesha, na karibu naye mwanamke mnene kiasi, mwenye mtandio wa kwao, dupatta, ya rangi ya machungwa, akinyoosha shingo kutafuta uso wa Daniyal. Alikuwa amevaa kama mtu aendaye harusini. Milcah alimwona akimnong'oneza bintiye na kucheka, na bintiye hakucheka.

Ratiba ilisema kwamba kabla ya mgeni wa heshima ionyeshwe video moja kutoka ukurasa wa kampuni. Mshereheshaji akamwita Daniyal jukwaani, makofi yakavuma, Daniyal akashika maiki na kuweka mkono kifuani. Taa zikapungua. Milcah akabonyeza.

Haikuwa na mikono ya kikongwe. Haikuwa na filimbi. Ilikuwa Areesha peke yake kwenye skrini, ana kwa ana, akiusema kila mstari mara mbili. Mwanzoni ukumbi uliitikia, maana wote walilijua shairi, kisha baadhi wakaanza kumtazama Daniyal na kuitazama skrini. Tarehe ilikuwa pale chini, kubwa, Milcah aliiweka makusudi: siku tisa kabla Daniyal hajavaa shali yake.

"Nnyabo," Herbert alisema taratibu, kwa heshima ya kwao, "hii ndiyo waliyokupa?"

"Hapana," Milcah alisema.

Herbert aliangalia mitambo yake ya taa, akaiacha ilivyo.

Mistari miwili ya mwisho ikaja. Rukhsana, ikasema skrini. Rukhsana, ikasema tena, kwa kuwa desturi ni mara mbili. Na ukumbi ukanyamaza kama ulivyonyamaza siku ile, ila mara hii Milcah alijua kinachonyamaza ni nini.

Taa zikarudi. Daniyal hakuwa mpumbavu. Alitabasamu, akasema kwa Kiurdu kilichochanganywa na Kiingereza, kama vijana wa mjini wote, kwamba amefurahi kumwona dada yetu akiongeza mistari yake midogo kwenye shairi letu. Mashairi ni mali ya wote. Tumpigie makofi. Wazee wawili walipiga, kwa kumsaidia.

Ndipo yule mwanamke wa dupatta ya machungwa aliposimama.

Hakuwa na maiki. Hakuihitaji. Areesha alimshika mkono kumrudisha kitini, naye akauondoa mkono wa bintiye polepole, akauweka kwenye paja la msichana mwenyewe. Milcah, kwa Kiurdu chake kile cha salamu na biriani, alimwelewa kila neno, kwa sababu lilikuwa swali ambalo hata mgeni hujifunza siku ya kwanza.

"Mwanangu," alisema mwanamke yule, "mama yako anaitwa nani?"

Daniyal alicheka kidogo. "Ammi," alisema. "Kwangu mimi ni Ammi tu."

Watu wachache wakaanza kusema wah, kisha wakaacha.

"Huyo ni Ammi kwako. Nakuuliza jina lake."

Augustine alikuwa amekuja mbio kutoka mlangoni, tai begani. Aliinama juu ya meza ya mitambo, jasho linamtoka. "Zima maiki ya huyo jamaa. Zima sasa hivi, anaaibika. Milcah, unasikia? Ukiacha hiyo maiki, Jumapili usikuje kazi."

Milcah alimtazama. Alifikiria kodi ya nyumba, na viza yake iliyo mikononi mwa kampuni, na mama yake Jerusha anayengoja simu kila Jumamosi. Aliogopa sana, na hofu yenyewe ikamkasirisha zaidi. Akaweka kidole kwenye kitufe cha sauti ya maiki ya Daniyal, akakisukuma juu mpaka mwisho.

Ukumbi mzima ukamsikia Daniyal akimeza mate. Wakamsikia akivuta pumzi, akiitoa, akivuta nyingine. Aliwatazama wazee wa mbele, wanaume wenye vizibao, na wazee wakatazama zulia. Kijana aliyemliza mama wa kila mtu kutoka Multan mpaka Birmingham alifungua kinywa, akakifunga. Spika zilikuwa kubwa, na kila kitu kilisikika isipokuwa jina.

"Mimi naitwa Rukhsana," mwanamke yule alisema, na sasa alikuwa na hasira, hasira ya mtu aliyedanganywa akiwa amevaa nguo nzuri. "Nilimwita binti yangu mwizi kwa ajili yako. Nilikuombea dua." Akaufuta uso kwa ncha ya dupatta. "Basi keti."

Daniyal akageuka nyuma, akatafuta kiti.